Mashine ya Mkono ya Kusaga Nyama: Kuichagua, Kuitumia na Kuiosha

Popote ulipo, iwe ni Mwingi, Mutomo au Kabati upande wa Kitui, au Wote, Emali, Kibwezi na Mtito Andei upande wa Makueni, vuta kiti karibu na redio. Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu, kwa maana leo kuna mambo ya kuandika. Nawasalimu kwa namna ya pekee nyanya wanaolea wajukuu, akina susu wetu. Mazungumzo haya ni yenu pia.

Leo tutazungumza kuhusu mashine ya kusaga nyama kwa mkono, ile ya kufunga kwenye ukingo wa meza na kuzungusha mpini. Huenda unajiuliza, muuguzi ana shughuli gani na vyombo vya jikoni? Shughuli yangu ni mtoto. Mashine hii inaweza kumsaidia mtoto asiye na meno kula nyama. Mashine hiyohiyo, ikitumiwa ovyo, inaweza kumpeleka mtoto huyo hospitalini akiharisha damu.

Kwa hivyo, kabla hatujaendelea, shika neno hili moja: mashine husaga tu. Haioshi, haipiki, wala haigeuzi nyama mbaya ikawa nzuri. Hayo mengine yote ni kazi ya mikono yako, mama.

Kwa nini mtoto ale nyama yenyewe

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Akiba hiyo humtosha kwa muda wa miezi sita hivi, akinyonya maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo akiba hupungua, na maziwa ya mama, ingawa bado ni mazuri na ni lazima yaendelee, hayana madini ya chuma ya kutosha. Ndiyo sababu tunasema kwamba akitimiza miezi sita, mtoto aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2023, linashauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Najua kwamba si kila nyumba yaweza kupata nyama kila siku. Siku ambayo hakuna nyama, yai lipo. Lakini nataka tuitazame ile siku ambayo nyama imepatikana. Je, mtoto hupewa nini?

Katika nyumba nyingi, nyama ikipikwa, baba hupewa vipande, wakubwa hupewa vipande, na mtoto hupewa mchuzi. Tunasema, “Huyu hana meno, mpe supu.” Msikilizaji, supu ni tamu na humsaidia mtoto kumeza ugali. Lakini sehemu kubwa ya madini ya chuma na protini hubaki ndani ya nyama. Anayekunywa supu peke yake amepata harufu na chumvi, na mwenye kutafuna ndiye aliyepata damu. Mtoto anaweza kuishi katika nyumba inayopika nyama kila Jumapili na bado akawa na upungufu wa damu.

Mtoto mwenye upungufu wa damu huwa mchovu, hachezi kama wenzake, huugua mara kwa mara, na pengine hupenda kula udongo. Mtazame viganja vya mikono. Vilinganishe na viganja vyako au vya watoto wengine. Vikiwa vyeupe kupita kawaida, usingoje. Mpeleke kliniki apimwe damu. Upungufu wa damu wa muda mrefu katika miaka miwili ya kwanza hudhuru hata ukuaji wa ubongo, na si rahisi kurudisha kilichopotea.

Wako wazee wetu wanaosema nyama humletea mtoto minyoo. Kama mama mkwe wako ni mmoja wao, usibishane naye. Mweleze kwa heshima kwamba minyoo huletwa na nyama isiyokaguliwa na isiyoiva, na pia mikono michafu. Nyama iliyokaguliwa, ikasagwa kwa mashine safi na kuiva sawasawa, haimpi mtoto minyoo.

Je, ni lazima ununue mashine?

La, si lazima. Ukiwa na kisu kikali na ubao safi, unaweza kukatakata nyama laini kabisa. Ukiwa na kinu na mchi, chemsha nyama mpaka ilainike, kisha uitwange na kuichanganya na chakula cha mtoto. Maini, yakiisha kuiva, hupondeka hata kwa kijiko. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki ni chakula bora kwa mtoto. Kwa hivyo usiache ada ya shule wala usichukue mkopo kwa sababu ya mashine.

Hata hivyo, mashine ina faida zake. Huokoa wakati. Huwezesha kutumia nyama ngumu ya bei ya chini, kama ya shingo au ya paja la mbuzi mzee, ambayo mtoto hangeweza kuitafuna. Pia hufanya nyama kidogo kuenea kwa watu wengi. Robo kilo ikisagwa na kuchanganywa na ndengu huwafikia watu wote wa nyumba, hata yule mdogo wa mwisho.

Akina mama wa kikundi au chama kimoja wanaweza kuchanga na kununua mashine moja. Mkifanya hivyo, wekeni sheria mbili. Ya kwanza: anayeirudisha airudishe ikiwa imeoshwa na kukauka. Ya pili: anayeipokea aimwagie maji yanayochemka kabla ya kuitumia, hata kama inaonekana safi.

Namna ya kuichagua

Ukifika dukani, usitazame mng'ao. Mwambie mwenye duka aifungue yote mbele yako. Mashine ina mwili wenye mdomo wa juu wa kutilia nyama. Ndani yake mna parafujo kubwa inayosukuma nyama mbele. Mbele ya parafujo hukaa kisu kidogo chenye mabawa manne, kisha sahani ya chuma yenye matundu, kisha pete ya kufungia. Nyuma kuna mpini, na chini kuna skrubu ya kubana mezani. Kama kuna sehemu isiyofunguka, iache. Mahali ambapo mkono wako na brashi haviwezi kufika, uchafu utafika.

Pili, uliza nambari. Mashine hizi huuzwa kwa nambari kama 5, 8, 10, 12, 22 na 32. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo mdomo na sahani vinavyokuwa vipana. Nambari 22 na 32 ni nzito na zinafaa mikahawa na bucha. Kwa nyumba, nambari 8 au 10 inatosha.

Tatu, tazama imetengenezwa kwa kitu gani. Ya chuma cha pua haipati kutu na huoshwa kwa urahisi, ila bei yake ni ya juu. Nyingi za bei ya wastani ni za chuma cha kusubu kilichopakwa bati. Hizo ni nzuri na hudumu ikiwa utazikausha vizuri. Pitisha kidole ndani. Kama bati linabanduka, au kuna rangi iliyopakwa ndani, usinunue, kwa maana rangi hiyo itaishia kwenye sahani ya mtoto. Kuwa mwangalifu pia na vyombo vya alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Katika nchi mbalimbali imeonekana kwamba vyombo vya namna hiyo vinaweza kutoa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Nne, uliza kama kisu na sahani za akiba zinapatikana. Hizo ndizo huisha makali. Uliza pia kama kuna sahani ya matundu madogo, ya milimita tatu au nne hivi. Hiyo ndiyo ya chakula cha mtoto.

Tano, pima kwa macho kama skrubu ya kubana inaweza kuingia kwenye meza yako ya nyumbani. Kama nyumbani una meza nyembamba inayotikisika, tafuta ubao imara kwanza.

Ukiifikisha nyumbani ikiwa mpya, ioshe kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Kisha saga kipande cha ugali mkavu au mkate na ukitupe. Rudia mpaka kitoke bila weusi.

Nyama ya kutia ndani

Hapa narudia lile neno letu: mashine haigeuzi nyama mbaya ikawa nzuri. Hufanya hata zaidi ya hapo, huificha. Ikiwa nyama imeshasagwa, huwezi tena kujua ilikuwa kipande gani, wala ina umri gani. Kwa hivyo nunua kipande kizima kwenye bucha, ukitazame, ukinuse, na uulize muhuri wa mkaguzi wa nyama uko wapi. Kisha ukakisage mwenyewe nyumbani.

Sisi watu wa Kitui na Makueni tunaijua kiangazi. Mvua ikikosekana, mbuzi na ng'ombe hudhoofika na kufa, na ni uchungu kumwona mnyama wako akipotea bure. Hapo ndipo kishawishi huja. Tafadhali, mnyama aliyekufa mwenyewe usimchune, usimpasue, na usimsage. Anaweza kuwa amekufa kwa kimeta, ugonjwa ambao huua mnyama ghafla na ambao humwingia binadamu kwa kumgusa au kumla mnyama huyo. Wakati mwingine utaona damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, lakini hata usipoiona, usimguse. Mjulishe afisa wa mifugo au chifu.

Namna ya kusaga

Kwanza, osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mimina maji yanayochemka juu ya sehemu zote za mashine, kisha ziache zijikaushe.

Pili, funga mashine mezani mpaka isitikisike. Tia parafujo, halafu kisu, halafu sahani, halafu pete. Sikiliza vizuri hapa, kwa maana wengi hukosea: upande wa kisu ulio bapa na wenye makali utazame sahani. Ukikigeuza, nyama haikatwi bali hupondwa na kutoka kama tope, nawe utafikiri umeuziwa mashine mbovu.

Tatu, toa mifupa yote, pamoja na vipande vidogo vilivyoachwa na shoka la mwuza nyama. Toa ngozi na zile nyuzi nyeupe ngumu, kwa maana hujizungusha kwenye kisu. Kata nyama vipande virefu vyenye unene wa kidole.

Nne, tia kidogo kidogo na uzungushe mpini polepole. Sukuma kwa kijiti cha mti kilicho safi, kamwe si kwa kidole. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, pitisha nyama mara mbili.

Tano, ukimaliza, saga kipande cha ugali au mkate. Kitasukuma nyama iliyobaki ndani, na unaweza kukipika pamoja na nyama hiyo. Hakuna kinachopotea, na kuosha kutakuwa rahisi.

Usimwache mtoto karibu na mashine iliyofungwa mezani. Watoto hupenda kuzungusha mpini, na mwenzake akitia kidole kwenye mdomo wa juu, jeraha lake ni baya. Ukiondoka hata kwa dakika moja, ng'oa mpini uende nao. Ikitokea mtu amejikata, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na mwende kituo cha afya. Huenda akahitaji kushonwa na kuchanjwa dhidi ya pepopunda.

Kupika ndiko kuua vijidudu

Kuna jambo ambalo si kila mtu analijua. Katika kipande kizima cha nyama, vijidudu vingi hukaa juu, kwenye ngozi ya kipande. Ukikichoma, moto huwafikia upesi. Lakini ukiisaga nyama ile, wale waliokuwa juu unawachanganya mpaka ndani kabisa. Kwa hivyo nyama ya kusaga huharibika haraka kuliko kipande kizima, na haifai kuliwa ikiwa nyekundu katikati.

Hili si tishio la maneno. Mwanzoni mwa mwaka wa 1993, huko Marekani, nyama ya kusaga ambayo haikuiva vizuri mikahawani iliwaugua watu zaidi ya 700, na watoto 4 wakafariki. Chanzo kilikuwa bakteria anayeishi katika utumbo wa ng'ombe. Kwa mtu mzima huenda akaleta kuharisha tu, lakini kwa mtoto mdogo anaweza kuharibu figo. Nchi yenye friji kila nyumba ilipatwa na hayo. Sisi tusio na friji tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Kwa hivyo, kama huna friji, saga nyama utakayoipika wakati huohuo. Iende kutoka kwenye mashine hadi kwenye sufuria. Katika joto la Kibwezi au Mutomo, nyama ya kusaga isikae nje hata saa moja. Kama una friji inayofanya kazi vizuri, unaweza kuiweka kwa siku moja, au mbili ikizidi sana, ikiwa imefunikwa na iko chini ya vyakula vingine ili maji yake yasividondokee.

Ukiipika, ivunjevunje kwa mwiko isifanye madonge. Igeuke rangi yote, kusibaki wekundu. Kisha tia maji au nyanya za kupikia, funika, na iache itokote kwa dakika 20. Ukitengeneza vidonge vya nyama, vunja kimoja kikubwa katikati utazame. Kikiwa na wekundu, vyote virudi motoni.

Wacha nikupe chakula kimoja cha nyumba nzima. Chukua robo kilo ya nyama na vikombe viwili vya ndengu. Chemsha ndengu mpaka zipasuke. Kando, kaanga kitunguu na ile nyama uliyosaga mpaka rangi igeuke. Tia nyanya mbili na karoti moja iliyokunwa, kisha tia ndengu na uache vyote vitokote pamoja. Mwishoni tia majani ya kunde yaliyokatwa laini. Kabla ya kutia pilipili na chumvi ya wakubwa, pakua sehemu ya mtoto, uiponde na uichanganye na viazi vitamu au ugali laini. Nyama hiyo kidogo ina kazi mbili: inaleta madini yake ya chuma, na pia inausaidia mwili kuyachukua yale yaliyo ndani ya ndengu na kunde.

Baada ya chakula, mpe mtoto kipande cha embe lililoiva kilichopondwa, au maji ya chungwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Makueni tumebarikiwa kwa matunda hayo, tusiyauze yote. Matunda hayo husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma. Chai hufanya kinyume, kwa hivyo usimpe mtoto chai pamoja na chakula.

Kiasi je? Mtoto wa miezi sita anaanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa, mara mbili kwa siku. Unaongeza polepole mpaka afikie nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa anakula mara tatu au nne, na chakula chake hakihitaji tena kuwa laini kama uji. Katika kila sahani, kijiko kimoja au viwili cha nyama ya kusaga kinatosha. Mlishe akiwa ameketi, kwa sahani yake mwenyewe, bila haraka. Na kilichobaki jana, asipewe leo.

Kuosha mashine pale ambapo maji ni ya kubeba

Najua mtungi wa lita 20 unaoteka kwenye bwawa la mchanga umeubeba mgongoni. Siwezi kukuambia uoshe kwa maji ya bomba wakati bomba halipo. Mashine ndogo huoshwa vizuri kwa lita tano hivi, ukifuata mpango.

Ifungue yote mara tu umalizapo, kabla nyama haijakauka. Pangusa mafuta kwa kipande cha ugali au karatasi. Tumia lita mbili za maji ya moto yenye sabuni na brashi ndogo. Sugua ndani ya mwili wa mashine, kwenye parafujo, na ndani ya kila tundu la sahani. Kijiti cha meno husaidia. Suuza kwa lita mbili za maji safi. Mwisho, weka sehemu zote kwenye beseni na umwagie lita moja ya maji yanayochemka. Maji machafu yamwage shimoni, si kwenye mboga.

Kisha zipange kwenye kichaga cha vyombo, juani, mpaka zikauke kabisa. Kitambaa cha jikoni kilicho na maji kinarudisha uchafu uliouondoa. Kama mashine yako ni ya chuma kilichopakwa bati, usiisugue kwa mchanga, majivu wala waya, kwa maana utaling'oa bati. Ikiisha kukauka, ipake mafuta ya kupikia kidogo sana, hasa kwenye kisu na sahani, kisha uifunge kwa kitambaa kikavu mahali panya na mende hawafiki. Mafuta ya gari au ya cherehani hayafai hata kidogo. Ukiona kutu ambayo haitoki au bati linalobanduka, hiyo mashine imemaliza kazi yake.

Na karanga je?

Mashine hii pia husaga ndengu zilizochemshwa, na wengine husagia karanga za kutia kwenye uji wa mtoto. Ni sawa, mradi iwe imeoshwa vizuri baada ya nyama. Ila hapa pia pana hatari, na sisi tuna ushahidi wake wa uchungu. Mwaka wa 2004, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliingia katika mahindi ya nyumba nyingi, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Familia nyingi zinazotusikiliza bado zinawakumbuka.

Sumu hiyo huingia pia kwenye karanga. Kusaga hakuiondoi. Kupika hakuimalizi. Karanga na mahindi yenye ukungu, yaliyokunjamana au kubadilika rangi, yatupwe. Usimpe mtoto, na usimpe kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu itarudi kwako katika maziwa.

Mtoto akiugua

Kama mtoto ameharisha baada ya kula, mpe maji ya ORS kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Mpeleke kituo cha afya apewe pia vidonge vya zinki. Lakini ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, hakojoi, anatapika kila kitu, au amelegea na hataki kunyonya, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini mara moja. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukusaidia kufika.

Mambo ya kukumbuka

Tukifunga mazungumzo yetu, hebu turudie pamoja. Mtoto aliyetimiza miezi sita anahitaji nyama yenyewe, si supu peke yake. Chagua mashine inayofunguka yote na isiyobanduka. Nunua kipande chenye muhuri, na mnyama aliyekufa mwenyewe umwache. Saga utakachopika sasa. Pika mpaka wekundu uishe. Osha, mwagia maji yanayochemka, na ukaushe juani. Ng'oa mpini watoto wanapokuwa karibu.

Na kama mashine huna, usihuzunike. Kisu chako, kinu chako na mikono yako iliyooshwa kwa sabuni vitafanya kazi hiyohiyo. Jumapili hii nyama ikiwa jikoni, kabla hujampakulia mtu yeyote, weka kando vijiko viwili vya yule asiye na meno. Yeye hawezi kuomba. Wewe ndiwe mdomo wake.

Kinga ni bora kuliko tiba.